SOMO: CHUPA TUPU PIA NI PESA



Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza kununua kwa jumla, kupanga bei na kuandika daftari la pesa. Leo tutaongea juu ya jambo ambalo vikundi vingi havilifikirii mpaka liwaume: mali inayorudi. Tumezoea kutazama mali ikienda, kutoka kiwandani hadi dukani, kutoka dukani hadi nyumbani kwa mtu. Lakini kuna mali nyingi inayosafiri kinyume chake. Chupa tupu hurudi, kreti hurudi, mtungi wa gesi hurudi, maziwa yaliyokataliwa hurudi, sabuni mbovu hurudi, hata magazeti yasiyouzwa hurudi. Makampuni makubwa yana maofisa, magari na maghala ya kushughulikia safari hiyo ya kurudi. Sisi mara nyingi hatuna hata ukurasa mmoja wa daftari.

Nianze na kisa.

Mwaka 2011 niliitwa na kikundi kimoja cha akina mama katika parokia niliyokuwa nikifanya kazi. Walikuwa kumi na wanane, na biashara yao ilikuwa soda. Walinunua kutoka depo ya mjini, wakauzia maduka madogo, shule, harusi na mikutano. Daftari lilionyesha wameuza vizuri mwaka mzima. Lakini sanduku lilikuwa na upungufu wa shilingi 24,600. Mweka hazina alikuwa mama mjane, mtu mtaratibu, na mkutano ulikuwa umeshaamua kumpeleka kwa chifu. Mwenyekiti alinivuta kando akaniambia, "Mwalimu, sisi hatutaki maneno mengi. Wewe tuandikie tu kwamba pesa hazipo, ndio chifu aone."

Nilipitia daftari mara mbili. Nilihesabu risiti za depo zilizochomekwa kwenye waya nikaona idadi imetimia. Sikuzisoma, nilizihesabu tu. Hesabu ikanijibu vilevile: pesa hazipo. Niseme ukweli, na mimi nilianza kumshuku yule mama. Katika diploma yangu nilifundishwa pesa iliyoingia, pesa iliyotoka na mali iliyobaki, na kwa kipimo hicho alikuwa na hatia.

Jioni tukinywa chai, kijana wa mkokoteni alikuja kuuliza kama kesho aende shuleni kuchukua zile kreti za tangu siku ya wazazi. Tukamwuliza, kreti ngapi? Akasema hajui, labda kumi na kitu.

Asubuhi tulitoka kwa miguu, mwenyekiti, mweka hazina, kijana na mimi. Shuleni tulikuta kreti 14 nyuma ya jikoni, tatu kati yake zikiwa zimegeuzwa viti vya askari wa usiku. Kwenye kilabu cha sokoni zilikuwa 11. Nyumbani kwa watu waliofanya harusi mwezi wa nane tulipata 9, na ndani ya moja kuku alikuwa amelalia mayai. Nyuma ya kanisa letu wenyewe zilikuwa 3, tangu sherehe ya kipaimara. Jumla 37. Nyingine 4 hazikuonekana mpaka leo.

Dipoziti ya kreti moja pamoja na chupa zake ilikuwa shilingi 600. Zidisha 600 mara 41. Ni 24,600, bila hata senti kuzidi au kupungua.

Yule mama aliketi juu ya kreti moja pale nyuma ya kanisa akalia. Hakuna aliyemwambia pole siku ile, hata mimi. Nitarudi kwa jambo hilo.

PESA ILIPOTELEA WAPI?

Haikuibwa. Ilikuwa imelala kwenye majumba ya watu katika umbo la chupa. Ukienda depo kuchukua soda, mtindo ni chupa kwa chupa. Ukipeleka kreti 20 tupu unapewa 20 zilizojaa na unalipia soda peke yake. Ukipeleka tupu 17, lazima ulipe dipoziti ya zile 3 zilizopungua. Mweka hazina alikuwa akizilipa kutoka kwa pesa ya mauzo, kwa kuwa hakuna njia nyingine. Lakini alipofika kwenye daftari alikuta nafasi mbili tu: idadi ya kreti na bei ya soda. Aliandika alichoulizwa. Dipoziti haikuulizwa. Risiti za depo zilionyesha kila shilingi, ila hakuna aliyezisoma. Na ule ukurasa wa daftari nilikuwa nimeuchora mimi mwenyewe, kwa rula, katika semina ya siku mbili.

Ndiyo maana nasema somo hili halihusu takataka. Linahusu jina la mtu.

KWA NINI KAMPUNI INAITAKA CHUPA YAKE

Watu wengi hufikiri kwamba ukinunua soda ya chupa umenunua chupa. Hapana. Umenunua kilichomo ndani. Chupa ni mali ya kampuni, na wewe umeweka amana ya kuonyesha kwamba utairudisha. Kutengeneza chupa ya kioo ni gharama, maana mchanga na magadi huyeyushwa kwenye tanuru lenye joto kupita nyuzi 1,400. Chupa imara huweza kujazwa mara ishirini na zaidi kabla haijachakaa. Kwa hiyo gharama ya chupa moja inagawanywa kwa safari zote hizo. Chupa ikipotea katika safari ya pili, hesabu ya kampuni imeharibika.

Hebu tazama kazi inayofanyika chupa ikirudi. Kwanza hupokelewa na kuhesabiwa depo. Halafu huchambuliwa: iliyomegeka mdomo, yenye ufa, ya kampuni nyingine, yenye harufu ya mafuta ya taa, zote huwekwa kando. Zilizo nzima hupanda lori lilelile lililoleta soda. Hapa ndipo penye akili kubwa ya mpango huu. Lori lingerudi tupu kiwandani, na mafuta yangechomwa bure, lakini linarudi na mzigo. Kiwandani chupa huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali, husuuzwa, hupitishwa mbele ya taa ili ionekane kama kuna uchafu au ufa, kisha hujazwa tena. Zilizovunjika nazo hazitupwi. Kioo husagwa na kurudishwa kwenye tanuru, na kwa kuwa kioo kilichokwisha yeyushwa mara moja huhitaji moto mdogo kuliko mchanga mpya, kuni au mafuta yanaokolewa.

Mtaona kwamba kila kinachorudi kinaulizwa swali moja: kifanyiwe nini? Kitumike tena kama kilivyo? Kirekebishwe? Kivunjwe kiwe malighafi? Au kitupwe? Makampuni hujaribu kujibu mapema, tena karibu na mahali kilipotoka, kwa sababu kila kilomita ya kubeba kitu kisicho na thamani ni hasara. Ndiyo sababu karani wa depo anakataa chupa iliyomegeka pale pale kwenye mlango wake. Sio roho mbaya. Akiipokea, ameipokea hasara yako.

Sasa fikirieni chupa ya plastiki. Yenyewe haina dipoziti kwetu. Je, mmeona mtoto akirudisha chupa ya plastiki dukani? Hizo ndizo zinajaa mitaroni na mtoni. Za kioo hazionekani mtoni, na sio kwamba watu wanapenda kioo zaidi. Huko Ujerumani tangu mwaka 2003 hata chupa za plastiki na mikebe ya kutumiwa mara moja ina amana ya senti 25 za Euro, na watu wanazirudisha madukani. Ni pesa inayoitembeza chupa kurudi nyumbani.

HESABU KIDOGO

Shikeni kalamu. Bei hizi ni za mfano tu, wekeni za kwenu.

Tuseme kikundi kina mtaji wa shilingi 30,000. Kinataka kreti 20 za soda, kila kreti chupa 24. Soda ya kreti moja ni shilingi 700 na dipoziti ni 600. Safari ya kwanza hamna chupa, kwa hiyo mnalipa soda 14,000 na dipoziti 12,000, jumla 26,000. Gari linachukua 2,000. Mnabaki na 2,000 mkononi.

Mnauza kila chupa shilingi 40. Kreti moja inaleta 960, kreti 20 zinaleta 19,200. Sasa mna 21,200. Faida yenu ni 19,200 toa 14,000 ya soda toa 2,000 ya gari, yaani 3,200. Mtaji wenu wa 30,000 umekuwa 33,200, lakini angalieni vizuri: 21,200 ni noti na 12,000 ni chupa. Asiyejua atasema, "Tulianza na thelathini elfu, sasa ziko ishirini na moja, nani amekula?" Ugomvi umeanza, na hakuna aliyekula.

Kama kreti zote 20 zimerudi, safari ya pili mnalipa 14,000 na gari peke yake. Kama kreti 8 zimebaki kwenye harusi, lazima mlipe dipoziti mpya ya 4,800. Faida ya safari nzima ilikuwa 3,200. Kwa hiyo mmefanya kazi wiki nzima, mmebeba, mmeuza, mmechoka, na mmepungukiwa na 1,600. Harusi ilikuwa nzuri, watu walikula wakanywa, na nyinyi ndio mliolipa.

Ndiyo maana nawaambia: kreti isitoke bila amana. Hata kwa shule, hata kwa parokia. Hapo kwa parokia najua mtanung'unika, lakini zile tatu za kipaimara zilikuwa za kanisa. Kama mteja hana amana, basi aandike jina na idadi, apewe siku ya kurudisha, na awepo mtu mmoja wa kikundi ambaye kazi yake ni kufuata chupa. Chupa isiyofuatwa wiki ya kwanza inakuwa kiti wiki ya pili, na mwezi wa pili ni kiota cha kuku.

MTUNGI WA GESI

Siku hizi vikundi vingi vinauza gesi ya kupikia, na wengine wananunuliana mitungi kwa zamu badala ya pesa. Mtungi ni ndugu mkubwa wa chupa ya soda. Dipoziti yake ni kubwa na hatari yake ni kubwa zaidi.

Zamani kila kampuni ya gesi ilikuwa na koki yake. Ukiwa na mtungi wa kampuni fulani umefungwa nayo kama ndoa. Kanuni za mwaka 2009 zilileta koki ya aina moja na zikaamuru makampuni yapokee mitungi ya wenzao na kubadilishana. Kwa mwananchi ilikuwa nafuu kubwa. Lakini likatokea jambo ambalo wenye hekima ya vijijini wangelitabiri: mtungi wa wote ukakosa mwenyewe. Wajanja wakaanza kujaza mitungi isiyo yao kwenye vichochoro, bila kuikagua. Kampuni iliyonunua mtungi haikuuona tena, na mtungi usiorudi kwa mwenyewe hakuna wa kuupima kama umeota kutu. Kanuni za mwaka 2019 zikaondoa lazima ile. Sasa anayeruhusiwa kujaza mtungi ni mwenye chapa iliyo juu yake, au aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi.

Mimi naona kanuni zote mbili zilikuwa na haki upande wake. Ile ya kwanza ilimfikiria mnunuzi, ya pili ilifikiria safari ya kurudi. Kwenu nyinyi, mambo ya kushika ni haya. Tunzeni risiti ya mtungi, maana ndiyo ushahidi wa amana yenu. Msibadilishe mtungi mzuri kwa wenye kutu kwa sababu muuzaji yuko karibu. Na upimeni. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, karibu na mshikio. Ukiongeza kilo 6 za mtungi mdogo au 13 za mkubwa, ndio uzito mnaopaswa kuona kwenye mizani. Mkiona pungufu, urudi palepale, kabla haujafika nyumbani.

KINACHORUDI KINA HABARI

Hadi hapa tumeongea juu ya vyombo. Lakini hata bidhaa yenyewe hurudi, na hapo wengi hukasirika.

Kikundi kingine nilichokifuata kilikuwa kinapika sabuni ya mche. Mwenye duka alirudisha miche 12 akisema ni laini, inaisha majini kama uji. Akina mama walitaka kumkatalia. Kwenye meza yao walikuwa wamebandika maneno yale tunayoyaona kila duka, kwamba mali ikishauzwa haipokelewi tena. Wakaniuliza kama hayo maneno yana nguvu.

Kwanza sheria. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inasema haki zake hazifutwi kwa mapatano ya kinyume. Basi mtu aliyebadilisha nia tu, hiyo ni hiari yenu kumsaidia. Lakini aliyeuziwa kitu kibovu ana haki yake, kibandiko kiwepo kisiwepo.

Lakini sheria sio jambo kubwa katika kisa hiki. Jambo kubwa lilikuwa lile swali tuliloliuliza baadaye: miche hiyo ilipikwa lini? Walikuwa wakiandika tarehe kwenye daftari la jikoni, Mungu awabariki. Tukaona imepikwa siku tisa kabla ya kuuzwa. Sabuni ya namna ile, isiyochemshwa, inahitaji kama wiki nne ikauke na ikomae. Mauzo ya Krismasi yaliwaharakisha. Kumbe yule mwenye duka hakuwaletea hasara, alikuwa amewaletea habari, tena bure. Fikirieni wale wanunuzi ambao hawakurudisha. Wao walinyamaza tu wakahamia sabuni nyingine, na hao ndio hasara yenyewe.

Miche 12 haikutupwa. Waliikwaruza kwa mbuzi ya jikoni, wakaiyeyusha polepole na maji kidogo, wakaimimina upya kwenye vibao na kuiacha ikauke. Haikuwa nzuri ya kutazamwa, ina mabaka, wakaiuza kwa bei ya chini kwa kufulia. Mwenye duka akapewa karatasi iliyotiwa sahihi kwamba anadai miche 12 mipya. Kamwe msirudishe kwa mdomo tu. Kinachorudi bila karatasi baadaye kinakuwa deni lisilo na baba.

Wafugaji wanalijua hili kwa njia nyingine. Maziwa yakikataliwa kwenye kituo kwa sababu yametiwa maji au yameanza kuchacha, debe linarudi. Kama madebe yana namba, tutajua ni la nani na tutaongea naye. Kama hayana namba na maziwa yamechanganywa, mtu mmoja amewarudisha watu thelathini. Pakeni rangi namba kwenye madebe wiki hii. Rangi ni kitu kidogo sana.

Na dawa za mifugo, mbegu, unga: kagueni tarehe mnapopokea, sio siku mteja anapolalamika. Wauzaji wa jumla wengi watawabadilishia mali ambayo tarehe yake inakaribia, lakini wataikataa ikishapita. Pangeni za tarehe ya karibu mbele ya rafu.

SAFARI YA KURUDI INAYOUA

Kutumia tena ni jambo jema, lakini sio kila chombo kirudi jikoni. Nimeona mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda, na mtoto haulizi, anakunywa. Akishakunywa msimtapishe, mkimbizeni hospitali. Mtungi uliobeba dawa ya kunyunyizia kahawa au nyanya usiwekwe maji wala maziwa kamwe, hata ukioshwa mara ngapi. Usuuzeni mara tatu, maji yale mkayamimine kwenye bomba la kunyunyizia yatumike shambani, kisha toboeni mtungi ili asije mtu akautamani.

Betri kuukuu za gari na za sola ni hatari ya aina yake. Ndani kuna risasi na asidi. Risasi ina soko, kwa hiyo wanunuzi wa vyuma watakuja mpaka mlangoni. Lakini wengi tunakumbuka Owino Uhuru, kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa kando ya makao ya watu, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aligundua mtoto wake mwenyewe ameathirika. Hakunyamaza, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya Goldman kwa kazi yake. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo mwaka 2023, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabuni miaka. Wakati mawakili wanapanda na kushuka ngazi, watoto wa Owino Uhuru wanakua na sumu ndani yao.

Betri kuirudisha ni jambo jema kabisa, ila ulizeni inarudi wapi. Msiivunje wenyewe, msimwage asidi yake. Mnaponunua betri mpya au taa ya sola, mwulizeni muuzaji kama atachukua ile kuukuu, na atawapunguzia kiasi gani. Sheria ya taka ya mwaka 2022 na kanuni zilizoifuata mwaka 2024 zinamwekea anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini jukumu la kushughulikia mwisho wake. Muuzaji wa kijijini huenda hajasikia. Mwulizeni hata hivyo, na mwenye duka la pili naye, na wa tatu.

DAFTARI LA CHUPA

Turudi kwa wale akina mama. Tulichora ukurasa mpya. Una tarehe, jina la aliyechukua, kreti zilizotoka, amana aliyoweka, kreti zilizorudi, na zilizobaki kwake. Upande wa chini kuna mstari mmoja wa kila mwezi: kreti zetu zote ni ngapi, ziko wapi? Zilizojaa, tupu zilizo ghalani, zilizo kwa wateja, zilizovunjika. Hesabu hizo nne zikijumlishwa lazima zilingane na kreti mlizolipia dipoziti depo. Zisipolingana, mkutano usiishe. Na kila risiti ya depo isomwe kwa sauti mbele ya wote, soda peke yake, dipoziti peke yake.

Kreti 37 zilirudishwa depo kwa safari mbili za mkokoteni. Chupa 19 zilikataliwa kwa kumegeka. Waliamua hasara ya zile kreti 4 na zile chupa 19 ibebwe na kikundi chote, na nadhani walifanya sawa.

Mweka hazina alijiuzulu. Kikundi kilimwomba abaki, akakataa kwa upole. Wiki kadhaa baadaye, katika mkutano wa jumuiya ndogo ndogo nyumbani kwake, mwenyekiti alisimama akamwomba msamaha mbele ya majirani, maana mbele ya majirani ndipo alipomtuhumu. Nami nilisimama baada yake. Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuleta chai. Alirudi kwenye kikundi mwaka uliofuata, lakini funguo za sanduku hakuzishika tena.

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA SOMO LIJALO

Tembeeni wawili wawili mkahesabu vyombo vyote vya kikundi vilivyo mikononi mwa watu: kreti, chupa, mitungi, madebe, magunia, hata viti na sufuria za kukodisha. Andikeni thamani yake kwa bei ya leo. Kisha jadilianeni:

Je, kiasi hicho ni kikubwa au kidogo kuliko pesa iliyo kwenye sanduku letu?

Ni kitu gani kilichorudishwa kwetu mwaka huu kwa sababu ya ubovu, na tulimwuliza mteja sababu au tulimfokea?

Je, kuna mtu katika kikundi chetu tuliyemshuku kwa pesa ambazo labda ziko nyuma ya jikoni la shule?